Sabuni ya Maji, Maji ya Sabuni

Asubuhi ile nilifunua diaba nikakuta maji. Nilipokwenda kulala nilikuwa nimeacha sabuni ya kujivunia, ukiinua mwiko inashuka polepole kama uji wa mzazi. Alfajiri, baada ya kuswali, nikatia mwiko ukazama wenyewe mpaka chini. Nikauinua, ukachuruzika kama niliouchovya baharini. Rangi ni ile ile ya kijani, harufu ile ile ya limau. Lita 20, na wateja wawili wameshaacha vidumu vyao barazani.

Nikafanya anachofanya kila mgeni wa kazi hii. Nikaongeza chumvi.

Ikazidi kuwa maji. Nikaongeza tena, safari hii kwa hasira, na juu ya diaba pakatanda ukungu mweupe kama maziwa yaliyokatika. Nikapindua ndoo nikaikalia, nikacheka peke yangu.

Kazi hii naifanya mwaka wa tisa sasa, uani kwangu, Ngamiani, Tanga, chini ya mkunazi alioupanda marehemu mama mkwe. Wanawake wengi wamepita hapa kujifunza, na wakishaondoka hunipigia simu usiku, wote kwa sauti moja: "Dada, sabuni imekuwa maji, niongeze nini?" Jibu langu ni kwamba wasiongeze kitu. Kwanza waniambie wameshatia nini.

Chumvi ina tabia ambayo mwalimu wetu wa mafunzo ya siku mbili hakutwambia. Sabuni ndani ya maji haikai chembe moja moja. Chembe zake hukumbatiana, mikia ndani, vichwa nje, zikawa vifundo vidogo mno. Vichwa hivyo husukumana, kwa hiyo vifundo hubaki duara, kila kimoja kinateleza na njia yake, na sabuni inabaki nyepesi. Ukitia chumvi, kule kusukumana kunapungua. Vifundo vinarefuka vikawa kama tambi, tambi zinasokotana, na mwiko unaanza kukaza mkononi. Ukiongeza, zinarefuka zaidi na uzito unapanda, mpaka unafika kileleni. Ukishakivuka kilele hicho, tambi hazishikani tena kama mwanzo, zinapishana na kuteleza, na sabuni inaanza kurudi maji. Ukiendelea hapo inajitenga kabisa, ndio ule ukungu wangu.

Kwa hiyo sabuni nyepesi ina maradhi mawili yenye dalili moja. Kuna iliyopungukiwa chumvi na kuna iliyozidiwa, na kwa jicho huwezi kuzitofautisha. Chota kikombe kimoja pembeni. Yeyusha chumvi kidogo kwenye maji, itie tone kwa tone, koroga. Ikishika, ulikuwa hujafika, endelea na diaba lako taratibu. Ikizidi kulegea, umeshapita, na hapo dawa ni maji safi na slesi, mojawapo ya malighafi mbili zinazosafisha, iliyolainishwa bila chumvi hata punje, ukoroge mpaka sabuni irudi kileleni, ukubali kwamba lita 20 zimekuwa 26 na utafute vidumu. Na usihukumu usiku wakati chumvi bado iko chini haijayeyuka. Konzi yangu ya mwisho iliendelea kuyeyuka nimelala.

Kosa langu lingine nilikuja kulijua baadaye, kwamba nilianza safari nikiwa nimeshafika katikati ya mlima. Bomba halikutoa maji siku mbili, nikachota kisima cha jirani. Maji yetu ya bomba yanatoka Mto Zigi, kwenye bwawa la Mabayani, ni matamu; ya visima vya huku kwetu, ukipikia chai unaionja bahari. Kipimo changu cha chumvi kilikuwa kile kile, ila maji nayo yalikuja na yao.

Maradhi mengine ya sabuni hayana fumbo. Ikiwasha mikono, ama salfoniki, ile malighafi ya pili, haikushiba magadi soda ama magadi yamezidi. Kilo moja ya salfoniki inataka kiasi cha gramu 160 hadi 170 za magadi yaliyo safi, si "kikombe kimoja" kama tulivyofundishwa, maana kikombe cha nani? Nunua mizani ndogo na zile karatasi zinazobadilika rangi, kipimo kikae kati ya 7 na 8. Ikijaa povu, ifunike ulale, asubuhi povu litakuwa limetua. Ikinuka baada ya wiki mbili, imeoza, kwa kuwa hayo ni maji mengi yenye chakula cha vijidudu ndani yake. Wengi humaliza hilo kwa fomalini. Mimi nimeiacha tangu nilipojua kwamba mwaka 2004 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani liliiweka kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Natengeneza kidogo kidogo, iishe kabla haijaharibika.

Hizo zote ukimwuzia mtu huku unajua, umeuza mali yenye aibu ukaificha, na Imamu Ghazali katika mlango wake wa adabu za kuchuma alishamaliza maneno: mwenye kuuza asifiche kasoro ya bidhaa, wala asiisifu kwa sifa isiyokuwa nayo. Hapo sina swali. Diaba moja liliwahi kuwababua wateja wangu mikono, nikapita nyumba kwa nyumba nikarudisha pesa, nikarudi kulala. Lililoninyima usingizi ni jambo ambalo hakuna aliyelalamikia.

Mteja wa sabuni ya maji ananunua kwa jicho. Anaishika chupa, anaipindua chini juu, anatazama kiputo cha hewa kinavyopanda. Kikipanda mbio, anairudisha mezani bila neno. Kikipanda kwa madaha, anafungua pochi. Nimekaa nyuma ya meza ile miaka yote hii na sijamwona hata mmoja aliyetia tone kwenye bamba lenye mafuta akasugua. Wote ni kiputo tu. Na mimi ndiye niliyekuwa nikiwaambia, kwa sauti ya kuita: "Karibu, nzito hii, kali hii!" kana kwamba nzito na kali ni neno moja.

Chumvi haisafishi. Kinachong'oa mafuta ni salfoniki na slesi, navyo ndivyo vyenye bei. Mwaka juzi slesi ilipanda, nikawa nasimama dukani nahesabu noti mara mbili mbili. Kijana anayeniuzia, mpole, ananiita mama, akaniinamia: "Mama, tia slesi nusu, maji peleka lita 25, halafu uzito tutautafuta." Akanipa kifuko cha unga mweupe wa kuongeza uzito. Nilipofika nyumbani niliutia kijiko kimoja kwenye chupa ya maji matupu, nikatikisa, nikaacha. Baada ya muda nikaipindua ile chupa. Ndani hakuna sabuni hata tone, na kiputo kilipanda kwa madaha kama bibi harusi.

Niliogopa. Kile kifuko nikakiweka juu ya kabati, kiko huko mpaka leo. Lakini slesi nilipunguza, na maji nilipeleka 25. Uzito niliutafuta kwa chumvi, maana chumvi ilikuwa jikoni kwangu siku zote na haikunitisha. Niliuza bei ile ile, shilingi 1,000 lita moja. Mwezi mzima hakusema mtu, isipokuwa mama ntilie wa kituo cha daladala. "Dada," aliniambia, "sabuni yako siku hizi inapendeza, lakini sufuria la mafuta linaicheka." Nikamjibu labda maji yake ya kuoshea ni ya baridi.

Ndani ya mwezi huo akafariki bi mkubwa wa nyumba ya pili, mteja wangu wa kwanza kabisa, aliyenunua hata zile sabuni zangu za mwanzo zilizokuwa hazifai. Nilikuwa miongoni mwa wanawake waliomwosha. Mwosha hasimulii ya maiti, na mimi ya kwake siyasimulii. Nasimulia ya kwangu.

Majani ya mkunazi yalitoka uani kwangu, niliyachuma na kuyatwanga mwenyewe. Kafuri ililetwa na binti yake. Tulipofika kwenye kichwa, yule mama mkubwa aliyekuwa akituongoza akasema majani hayatatosha, akanyoosha mkono bila kugeuka: "Lete sabuni yako." Kidumu kilikuwa mlangoni, cha kijani, cha lita tano. Nikammiminia kiganjani. Ikakaa kiganjani pake imesimama, haikuvuja hata kwenye vidole. "Mashaallah," akasema, "sabuni hasa hii." Akaipaka kwenye nywele zilizokuwa na mafuta ya nazi ya siku nyingi za kitandani, akasugua, akamimina maji. Mafuta yakabaki. Akanyoosha mkono tena. Nikamimina. Mafuta yakapungua kidogo. Mara ya tatu ndipo nywele zilipokubali. Wenzangu waliona witri, hesabu isiyogawanyika kwa mbili, kama ilivyo sunna. Mimi niliona nusu kilo ya slesi.

Siku ya hitima sikuweza kula. Wiki iliyofuata nikaenda kwa ami yangu, mdogo wa marehemu baba, ambaye mpaka leo anasomesha watu wazima barazani kwake baada ya alasiri, Minhaji ya Imamu Nawawi, kitabu ambacho masheikh wa pwani yetu wamekipokezana kizazi kwa kizazi. Nilimngoja darasa liondoke.

"Shikamoo, Ami."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umekuja na uso wa mdaiwa?"

Nikamweleza yote, na kiputo, na chumvi, na nywele. Nilitegemea anisomee kisa cha lile rundo la nafaka sokoni, Mtume alipoingiza mkono ndani akakuta chini kumelowa, maana shoga zangu wawili walishanitajia hicho hicho. Yeye akaanza kwingine.

"Kama hofu yako ni josho la bi mkubwa, iondoe. Katika madhehebu yetu, maji yaliyochanganyika na kitu mpaka yakabadilika jina hayatoharishi. Ni safi, lakini hayatoharishi. Ukitia mkunazi ukaenea, hayo ni maji ya mkunazi. Ukitia sabuni, ni maji ya sabuni. Linalohesabiwa ni lile josho la maji matupu mliyommiminia baadaye. Mlimmiminia?"

"Tulimmiminia."

"Basi. Sabuni yako ilikuwa ya kuondoa taka tu. Haikuhesabiwa."

Nilipata nafuu, na papo hapo nikaumia. Sijui kama mwingine angeumia. Unafanya kazi miaka, unatoa vitu vinavyong'arisha nyumba za watu, halafu unaambiwa kwamba mahali panapohesabiwa wanayaita maji ya Mto Zigi, yasiyo na povu wala limau, na ya kwako yanasubiri mlangoni. Nilikwishajua hukumu hii tangu chuoni, nikiwa na miaka kumi, nikikariri tu. Sikuwahi kuisikia nikiwa ni mtengeneza sabuni.

Nikamuuliza: "Na sabuni ya maji, Ami, inapoteza jina lake lini?"

"Vipi?"

"Maji yakizidiwa na sabuni yanaitwa maji ya sabuni. Na sabuni ikizidiwa na maji? Mimi niliuza lita 25 nikaiita sabuni ya maji. Huenda nilikuwa nimeuza maji ya sabuni."

Akanitazama, akacheka mpaka kofia ikateleza, akaenda ndani kuleta kitabu. Alipokaa hakufungua mlango wa maji. Alifungua mlango wa biashara, kwenye habari ya viwele.

Walikuwako wauzaji, akanieleza kwa maneno yake, ambao zamani, walipotaka kuuza mbuzi au ngamia, walimfunga chuchu siku kadhaa wasimkamue. Siku ya soko kiwele kimejaa, kinang'aa, mnunuzi anadhani huyu ndiye mnyama wa maziwa. Mtume alilikataza hilo, na aliyeuziwa akapewa hiari: akitaka atabaki na mnyama, akitaka atamrudisha, na pamoja naye atoe pishi ya tende kwa maziwa aliyoyakamua. Pishi moja, vibaba vinne. Nikamuuliza kwa nini tende. Akasema kwa sababu maziwa yaliyokuwamo siku ya kuuza na yaliyoingia baadaye yameshachanganyika, hakuna awezaye kuyagawa, basi ikawekwa kadiri moja watu wasigombane.

Imamu Nawawi, aliyefariki Sham mwaka 1277, anafuatisha mifano mingine. Mtu anauza mfereji au kinu kinachozungushwa na maji. Anayazuia maji huko juu, na mnunuzi anapokuja kuangalia anayaachia yote kwa pamoja, yanakuja kwa kishindo. Hiyo ni kama kiwele, mnunuzi ana hiari ya kurudisha. Mtu anauza mtumwa, amempaka rangi nywele zionekane nyeusi, au amemtia wekundu usoni. Na hiyo pia. Kisha unakuja mfano wa mwisho: muuzaji amepaka wino kwenye nguo ya mtumwa ili mnunuzi amdhanie ni mwandishi. Hapa, kwa kauli iliyo sahihi zaidi kwake, mnunuzi hana hiari. Atabaki naye.

"Ami, hapa anayeuzwa ni mtu," nikasema.

"Ni mtu," akasema. "Na Pangani si mbali na hapa." Akanyamaza kwa muda, kidole bado kiko juu ya mstari. "Kitabu kiliandikwa wakati soko hilo liko wazi. Tunakisoma hivyo hivyo, wala hatujifanyi hatukuona."

Kisha akanieleza tofauti. Kiwele kilichojaa ni alama ya maziwa kwa maumbile yake. Aliyeiamini hakufanya uzembe. Wino kwenye nguo si alama ya kitu. Pengine aliiazima ile nguo, pengine alimwagikiwa na wino akibeba kidau cha mwingine. Mnunuzi alikuwa na njia nyepesi, ampe kalamu amwambie andika. Hakufanya hivyo, amejidanganya mwenyewe.

Nikadaka hapo hapo, maana nilikuwa naitafuta njia ya kutokea. "Basi mimi ni wa wino. Kiputo hakisemi kwamba sabuni ni kali. Wangesugua bamba."

"Kiwele nacho hakikusema kitu."

"Lakini wangeweza kujaribu."

"Na mwenye mbuzi je? Angeweza kungoja siku tatu."

Tukabaki hapo. Jioni ile nilijifunza kwamba swali langu lilikuwa limesimama juu ya jambo dogo sana la sabuni, tena jambo ambalo Ami hawezi kulijua na mimi nalijua: je, uzito ni alama ya ukali kwa maumbile yake, au ni wino tu? Nikamweleza ukweli, ingawa ulinigeukia. Ukitengeneza bila ujanja, kwa maji yale yale na chumvi ile ile, ukaongeza salfoniki na slesi, sabuni inakuwa nzito zaidi. Vile vifundo vinaongezeka, tambi zinaongezeka. Wale wanawake wanaopindua chupa si wajinga. Mikono yao iliwahi kujifunza kwamba nzito inafika mbali, wakaondoka na somo hilo, kisha sisi tukaja na chumvi yetu na kifuko chetu cha unga tukaligeuza somo lao kuwa mtego.

"Umejihukumu," akasema Ami, na hakuonekana kufurahi.

Lakini hakuniachia niondoke nimelemewa. Akasema sabuni iliyo kamili, ambayo mtu ameitia vyote, akaikoleza kwa chumvi ivutie, hiyo yeye anaiona karibu na wino, maana mnunuzi hakupungukiwa kitu. Akaongeza kwamba kutorudishwa kwa kadhi si sawa na kuruhusiwa na Mungu. Wino ule mwenye kuupaka alijua kwa nini anaupaka. Sikukubaliana naye moja kwa moja kuhusu sabuni kamili. Namheshimu, lakini hajawahi kuosha sufuria. Sabuni nyepesi kama maji ukiitia kwenye dodoki inapita yote, inaingia kwenye tundu la sinki, mtu anaongeza na kuongeza. Uzito kiasi unaifanya ikae pale unapoihitaji. Hiyo ni kazi ya sabuni, kama mpini ulivyo kazi ya kisu. Baada ya hapo kila punje ya chumvi ni ya kiputo. Nikiuangalia mwiko najua nimefika wapi; nje ya uani kwangu hakuna ajuaye. Ndiyo maana nasema mizani ya kaunta haiwezi kulikamata kosa hili, wala mteja, wala kadhi. Chupa mbili, moja ya diaba la lita 20 na moja ya lile la lita 25, viputo vyake vilikuwa vikipanda sawasawa.

Nikarudi nyumbani nikafanya jaribio ambalo Ami hakuniambia nilifanye. Nilitengeneza diaba moja kamili, nikaligawa mara mbili. Nusu nikaiacha na chumvi ya kutosha dodoki tu. Nusu nikaikoleza mpaka karibu na kilele. Nikaziweka mezani, bei moja, na kila aliyekuja nikamwambia wazi kwamba ndani ni kitu kimoja, tofauti ni chumvi. Wengi walinisikiliza kwa adabu, wakatikisa kichwa kuonyesha wameelewa, wakapindua zote mbili, wakachukua nzito. Mmoja aliniambia nimekuwa mzee. Mama ntilie peke yake alichukua ile nyepesi, akaifungua, akatia tone kati ya vidole viwili, akavisugua mpaka vikalia. "Hii inatoka kwenye sufuria upesi," akasema, "maji ya kusuuzia nanunua kwa ndoo." Sikuwa nimelifikiria hilo. Nilimpa lita tano za ziada kwa ule mwezi wake, akauliza za nini, nikamwambia ni za sufuria lililocheka.

Wengine nilioweza kuwakumbuka niliwapelekea lita moja moja, bila maelezo marefu. Ile sauti yangu ya "nzito hii, kali hii" niliiacha; siku hizi naita tu "sabuni, sabuni," na biashara imepungua kidogo, si sana. Nzito naendelea kutengeneza. Sijaona kwamba nimelazimika kuacha, na nikiona nitaacha.

Akabaki bi mkubwa. Yeye sikuwa na pa kumpelekea. Ami aliniambia nimtolee sadaka, nami nilimtolea, lakini mkono wangu ulikuwa bado unaukumbuka ule mkono mwingine ulionyooshwa mara tatu. Siku chache kabla ya Ramadhani nilikwenda sokoni Mgandini nikapima pishi moja ya tende. Najua nimeigeuza hukumu miguu juu. Kwenye kitabu tende anazitoa mnunuzi, tena mimi mbuzi sikuuza. Nikazifunga kwenye kanga, nikazipeleka nyumba ya pili.

Binti yake alinipokea mlangoni. Akauliza za nini, nyingi hivi. Nikasema za futari. Akazipeleka ndani, nikamsikia anazimimina kwenye bakuli, kisha akarudi na kile kidumu cha kijani, kitupu, kimeoshwa vizuri.

"Unijazie, shangazi," akasema. "Ile ya mama. Ile nzito."

Nilikwenda nacho uani. Diaba la siku ile lilikuwa lita 20, slesi kilo nzima. Nikajaza mpaka shingoni, nikafuta mdomo wa kidumu kwa kitambaa, nikamrudishia. Alikiinua juu kwenye mwanga wa mlango, akakipindua, tukasimama wote wawili tukitazama kiputo.